Kuonja wiski na ramu katika joto la Mombasa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Mara ya kwanza nilipoandika uhakiki wa wiski, niliandika kwamba inanukia udi. Nikaueleza kwa mistari mitatu: udi wa harusini, ule unaobaki kwenye kanga hata siku ya tatu. Nilijiona nimefika. Kesho yake nikaonja chupa ileile, udi hamna. Kumbe jioni ile bibi wa nyumba ya chini alikuwa amewasha chetezo anamfukizia mjukuu nguo za harusi. Moshi ukapanda ngazi, ukaingia kwangu, ukatua kwenye glasi, nami nikauandikia sifa.

Tangu siku hiyo nimeonja kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe nimelazimika kuutengeneza hapahapa. Maelezo mengi ya kuonja yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wakikwambia "joto la chumba" wana maana nyuzi 18 au 20. Chumba changu Tudor mwezi wa pili kina nyuzi 31, na hewa imejaa maji ya bahari. Ukifuata maneno yao kama yalivyo, glasi itakupiga kofi la spiriti usoni na hutanusa kingine.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyetimiza miaka 18, anayekunywa tayari, na anayetaka kujua anakunywa nini. Asiyekunywa, kwa dini yake au kwa hiari yake, hana alichokosa. Zoezi la Marikiti huko chini litamfaa hata yeye, kwa pilau.

Chupa yenyewe

Kabla ya kusoma lebo, tazama stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwenye kifuniko. Iwe haijachanika wala kubandikwa upya. Weka programu ya Soma Label kwenye simu, ielekeze kwenye stempu, uone kama jina la kinywaji linalotokea ndilo ulilolishika mkononi. Lisipolingana, rudisha chupa hapohapo dukani. Wala usijipe cheo cha mwonjaji kwa kuonja kitu kilichomiminwa kwenye chupa ya maji. Methanoli puani na mdomoni inafanana na ethanoli, na inapofusha na kuua. Hakuna pua iliyofunzwa kiasi cha kuikamata.

Sasa lebo. Wiski ya Scotland kwa sheria yao imelala kwenye pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na haiuzwi chini ya asilimia 40 ya kileo. Namba ya umri ni ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kwa hiyo "12" maana yake hakuna tone lililo chini ya miaka 12, ingawa huenda yapo yaliyozidi. Bourbon ya Marekani hutokana na nafaka ambazo mahindi ni asilimia 51 au zaidi, na hulazwa kwenye mapipa mapya yaliyounguzwa kwa ndani. Ule utamu wa vanila na sukari iliyoungua unaousikia kwenye bourbon unatoka kwenye hilo pipa jipya.

Ramu haina serikali moja. Kisiwa cha Martinique kina sheria kali ya ramu yake tangu 1996. Kwingine namba kwenye lebo huweza kuwa na maana nyingine kabisa. Zacapa 23 ya Guatemala, kwa mfano, ni mchanganyiko wa ramu za miaka 6 hadi 23. Si wizi, lakini ukiilinganisha na wiski ya miaka 23 umejidanganya mwenyewe.

Andika asilimia ya kileo daftarini kabla ya kufungua. Utaihitaji tukifika kwenye maji.

Saa, chumba na beseni

Pua huwa kali kabla ya chakula. Mimi huonja Jumapili saa nne asubuhi, kabla jengo zima halijaanza kukaanga vitunguu. Jirani akikukuta na glasi saa hiyo, mwambie uko kazini, na uteme (tutafika). Kama asubuhi haiwezekani, basi jioni kabla ya kula, siyo baada ya biriani.

Saa nzima kabla ya kuonja: usipige mswaki, usinywe kahawa tungu, usitafune tambuu, wala mogoka na jojo zake. Usijipulizie manukato. Wenzako wakija, waambie mapema; kuna bwana mmoja alikuja kwetu amejipaka halud mpaka kwenye ndevu, tukaahirisha.

Feni izime wakati wa kunusa. Najua. Washa ukishamaliza glasi moja, zima unapoanza nyingine. Feni inapeperusha harufu nyepesi za matunda na maua na kukuachia nzito tu, kisha unaandika kwamba wiski "haina matunda" na kosa ni la feni.

Kuhusu joto, dawa ni beseni. Tia maji na vipande vichache vya barafu, simamisha chupa ikiwa imefungwa, subiri kama robo saa. Unataka ipoe kidogo tu, ukiigusa uhisi kama mtungi wa maji kivulini. Usiiweke kwenye friji ukaisahau, kwa kuwa baridi kali hufunga harufu. Barafu ndani ya glasi ni starehe nzuri ya jioni, ila si ya kuhakiki. Ukiweza kupanga, onja chupa zako za maana wakati wa kusi, mwezi wa sita mpaka wa nane, hewa inapopoa. Tofauti utaiona.

Glasi na maji

Glasi iwe na tumbo na mdomo mwembamba, ili harufu ikusanyike juu. Iliyoenea duniani ni Glencairn, iliyoanza kuuzwa 2001. Usipoipata, glasi ndogo ya mvinyo inatosha. Bilauri pana ya kunywea chai ya rangi haifai. Harufu inatoka kotekote. Osha kwa maji ya moto bila sabuni ya ndimu, iache ikauke yenyewe, halafu inuse ikiwa tupu. Nusu ya glasi za majumbani zinanuka kitambaa cha jikoni.

Maji, tena kwa sisi wa kisiwani: ya kisima yana chumvi, ya bomba yana klorini, na ya mkokoteni huwezi kuapa yametoka wapi. Nunua chupa ya maji yasiyo na ladha. Nenda pia duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 5, bila sindano. Hicho ndicho kifaa changu cha bei ndogo chenye faida kubwa.

Kipimo kiwe mililita 15 hadi 20, chupa zisizidi nne kwa kikao. Vipimo vinne vya mililita 20 ni karibu toti tatu za baa, na ulimi wa mtu wa toti tatu hauhakiki kitu, unasifu tu. Ndiyo maana ya kutema. Weka kopo pembeni. Mji uliozoea kumwona mtafuna tambuu akitema hauwezi kukushangaa wewe. Hata ukitema, kileo kidogo huingia mwilini, kwa hiyo rudi nyumbani kwa tuktuk au boda ya mtu mwingine.

Zoezi la Marikiti

Hapa ndipo penye kazi, na hapa watu wanaparuka.

Ukisoma uhakiki wa Wazungu utakuta maua ya milimani kwao, keki ya Krismasi, matunda ya msituni. Wao hawaongopi, hizo ndizo harufu walizokua nazo. Anayeongopa ni mtu wa Majengo anayeyanakili. Msomaji wako hajawahi kunusa ua hilo, na wewe pia hujawahi. Andika kwa vitu ambavyo msomaji anaweza kwenda kuvinunua.

Basi shika kikapu uende Marikiti, kwenye maduka ya viungo. Nunua kidogokidogo: karafuu, iliki, mdalasini, kungumanga, pilipili manga, tangawizi kavu, ukwaju, tende, zabibu kavu, sukari guru. Ongeza ganda la chungwa, kipande cha papa mkavu, halua kidogo, na nazi moja. Kila kitu kitie kwenye kichupa chake, mtu mwingine akufumbe macho, unuse na utaje. Siku ya kwanza utaaibika. Mimi nilishindwa kutofautisha kungumanga na iliki, na mama yangu amepika pilau maisha yake yote.

Zoezi hili si la kubahatisha. Harufu kuu ya karafuu ni eujenoli, na eujenoli hiyohiyo hutoka kwenye mti wa mwaloni pipa linapounguzwa. Ukisema wiski inanukia karafuu, umetaja kilichomo kwa jina lake. Vanila vilevile: ni vanilini inayotoka kwenye mbao za pipa. Na ile harufu ya nazi? Mwaloni una kitu kiitwacho laktoni, kinachonukia nazi, na mwaloni wa Marekani unacho kwa wingi kuliko wa Ulaya. Kwa kuwa wiski nyingi za Scotland hulazwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, nazi utaikuta mara kwa mara.

Na kwenye nazi ndugu yangu sisi ni maprofesa. Mhakiki wa Glasgow ataandika "nazi" na kuendelea na safari. Wewe unajua kuna nazi mbichi inayotoka tu kwenye mbuzi, bado ina maji; kuna tui zito la kwanza; kuna tui lililokatika sufuriani; kuna kashata, nazi na sukari iliyoshika moto; kuna nazi iliyokaa hadi ikaanza kunuka mafuta. Hizo ni harufu tano, na nimezikuta zote kwenye glasi. Embe ni hivyohivyo. Usiandike "embe", andika ngowe au boribo, na kama limeiva au bado.

Kunusa

Mimina, kisha acha glasi dakika kumi, imefunikwa na kisahani. Rangi itazame ukipenda, ila isikutawale: wiski ya Scotland inaruhusiwa kutiwa karameli ya rangi, na ramu nyingi hutiwa. Machozi yanayoteremka pembeni mwa glasi yanakwambia habari za kileo, hayakwambii ubora.

Usiizungushe kama mvinyo wa zabibu. Katika joto letu utaamsha spiriti yote kwa pamoja. Ilete glasi kutoka kifuani, polepole, mdomo ukiwa wazi kidogo, usimame harufu inapoanza. Kila mtu ana mahali pake. Pangu ni kwenye kidevu. Andika neno la kwanza linalokujia, hata kama ni la kipuuzi. Halafu tundu moja la pua, halafu la pili. Pua ikichoka, nusa mkono wako mwenyewe kwa juu, ngozi tupu, uanze tena.

Ukikwama, jiulize kwa mafungu. Je, ni tunda? Bichi, bivu au kavu? Ni kiungo? Ni mbao? Ni moshi? Moshi nao una aina zake. Kisiwa cha Islay, kwenye wiski za Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg, shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, yaani udongo mweusi wa kinamasi unaokatwa kama matofali. Mgeni husema inanuka hospitali. Mimi nasema papa mkavu, kamba ya jahazi, na ile dawa ya kahawia ya kidonda. Rafiki yangu mmoja, Mgiriama wa Kaloleni ambaye baba yake ni mgema, alinusa mara moja akasema, "Bwana, hii ni paa la makuti limeungua jana, leo limenyeshewa." Sijawahi kusoma maelezo yaliyo bora zaidi.

Yeye ndiye mwenye pua kali kuliko sote, na hajafundishwa na kitabu. Alikua akinusa kibuyu na kujua mnazi ni wa asubuhi au umelala. Aliyezoea kuonja kitu kinachobadilika kila saa, chupa ya wiski haimtishi.

Kuonja

Tone la kwanza ni la kuamsha mdomo, usilihukumu. Kinywa cha pili ndicho. Mililita mbili tatu, zizungushe chini ya ulimi na kwenye mashavu, hesabu hadi kumi, tema au meza, kisha pumua kwa pua ukiwa umefunga mdomo. Hapo utasikia mengi kuliko ulivyosikia wakati kinywaji kiko mdomoni. Angalia na uzito wake: ni mwepesi kama maji ya dafu, au umetanda kama tui? Unakausha fizi kama chai iliyochemka mno? Kinachobaki baada ya kumeza mimi hukiita mkia. Utazame kwa saa, kwa dakika halisi, usikisie.

Sasa bomba la sindano. Hesabu ni rahisi: kipimo mara asilimia, gawanya kwa asilimia unayotaka, kisha toa kipimo; kinachobaki ndiyo maji ya kutia. Mililita 20 za asilimia 46 ukizitia mililita 3 za maji zinashuka hadi 40. Za asilimia 58, mililita 6 zitakufikisha kama 45. Tia nusu ya maji kwanza, onja, kisha malizia. Zipo zinazofunguka kama mlango, na zipo zinazovunjika zikabaki maji ya pipa. Yote mawili ni habari, yaandike. Kinywaji cha asilimia 40 mara nyingi hakihitaji zaidi ya matone.

Ramu ina mambo yake

Ramu nyingi hutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Ya Martinique iliyo chini ya ile sheria hutokana na maji ya muwa wenyewe. Ukitaka kuielewa hiyo ya pili, simama karibu na mashine ya juisi ya miwa mjini, unuse makapi yanapotoka: majani, udongo, ukijani. Ndiyo yenyewe. Za Jamaika zina sifa ya esta nyingi, yaani kemikali zenye harufu ya matunda, kwa sababu ya uchachuaji mrefu; utanusa nanasi lililopita kuiva, ndizi nyeusi, hata gundi. Usiogope gundi.

Tatizo la ramu ni sukari inayotiwa baada ya pipa. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wa gramu 20 kwa lita, na gramu 20 si kidogo. Sukari inalainisha kila kitu na kumfanya mwonjaji mgeni aseme "laini sana". Kuipima nyumbani ni rahisi: tia matone machache kwenye kisahani, acha usiku kucha. Asubuhi paguse. Ramu kavu inaacha karibu si chochote. Iliyotiwa sukari inanata kidole. Kwangu sisimizi ndio maabara. Niliwahi kuweka visahani vitatu, nikaamka nikakuta wamezingira kimoja tu, na kilikuwa cha ramu niliyokuwa nimeipa alama za juu kuliko zote.

Sukari si dhambi. Ila iandike.

Kuficha lebo

Mtu mmoja amimine jikoni, aandike namba kwenye karatasi chini ya kila glasi, asiseme neno wala asitabasamu. Fanya hivyo walau mara moja kwa mwezi. Mimi nimewahi kuisifu chupa ya bei ya chini kuliko zote mezani na kuiita ya bei ya juu "ya kawaida", mbele ya aliyeinunua. Shemeji hakunisemesha hadi tulipofika kwenye kuku.

Kuandika

Kila uhakiki wangu una jina kamili la chupa, asilimia, umri kama upo, bei niliyolipa na tarehe, na chupa niliipataje. Hilo la mwisho ni la lazima. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mhakiki anayepewa chupa za bure, bila kusema, anamsaidia mgema kuchota. Ukipewa, andika "nimepewa".

Mfano kutoka daftarini, Johnnie Walker Black, miaka 12, asilimia 40, niliyoinunua mwenyewe:

"Pua: zabibu kavu, ganda la chungwa, moshi wa jiko la makaa lililomwagiwa maji, mbali kidogo. Baada ya dakika ishirini, vanila na mdalasini. Mdomo: mwepesi kuliko pua ilivyoahidi; sukari guru, pilipili manga, mbao. Maji: matone mawili yanatosha, zaidi ya hapo moshi unakufa. Mkia: kama dakika moja, majivu matamu. Ningeinunua tena? Ndiyo, na ningempa mgeni anayeogopa moshi."

Alama kwa mia sitoi tena. Nilizitoa miaka miwili, na nilipoyarudia madaftari nikakuta kila kitu kiko kati ya 82 na 88. Swali la kununua tena linanilazimisha kusema ukweli.

Chupa iliyobaki

Isimamishe, usiilaze; kileo kikali kinakula kizibo. Iweke kabatini, mbali na dirisha, wala usiiweke juu ya friji, panapochemka. Ikifika nusu, hewa iliyomo ndani inaanza kuibadilisha, na joto letu linaiharakisha, kwa hiyo ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo iliyooshwa vizuri hadi ijae shingoni. Onja tena baada ya mwezi na uandike upya, bila kusoma ulichoandika mwanzo. Tarehe ya kufungua iandike kwa kalamu kwenye kipande cha selotepu, ukibandike kitakoni, kwa sababu ubavuni unyevu wa hapa utakibandua ndani ya wiki.